Vitafunio Visivyo na Nafaka na Zawadi za Kujitengenezea: Mwongozo wa Jikoni kutoka Kisumu

Mtu akiambiwa atayarishe kitafunio kisicho na nafaka, mara nyingi hukimbilia supamaketi kutafuta unga wa lozi, akute pakiti ndogo kwa bei kubwa, kisha akate tamaa. Hakuna haja. Kuanzia Busia hadi Ndhiwa watu wanalima njugu karanga, simsim, muhogo, viazi vitamu na ndizi. Vyote hivi si nafaka. Vinatosha kabisa kwa chai ya saa kumi na kwa mzigo mdogo wa kumpelekea shangazi Krismasi. Ukiacha kuiga keki ya ngano na kuanza na kile ambacho njugu na simsim zinaweza kufanya zenyewe, kazi inakuwa rahisi na tamu zaidi.

Tuelewane kwanza tunaacha nini. Nafaka ni ngano, mahindi, mchele, wimbi, mtama, shayiri na jamaa zao. Mwenye ugonjwa wa siliaki hudhurika na gluteni, protini ambayo imo kwenye ngano, shayiri na rai. Wimbi, mtama na mahindi hazina gluteni, kwa hiyo yeye anaweza kuzila zikiwa hazijachanganyika na ngano. Kuacha nafaka zote ni hatua pana kuliko hiyo, na watu huichukua kwa sababu tofauti, wengine kwa ushauri wa daktari. Sisemi nafaka ni mbaya. Uji wa wimbi umelea watoto wengi wa kanda hii na utaendelea kuwalea. Ninachotaka ni kwamba yule asiyeweza kula mandazi naye apate kitu cha kutia mkononi wageni wanapokaa, kitu kilichotengenezwa kwa moyo uleule. Jambo jingine ni sukari: kitafunio kikikosa nafaka hakijakosa sukari. Asali na sukari nguru hupandisha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari asiambiwe kwamba anaweza kula apendavyo kwa kuwa "ni vya asili".

Katika kazi yote hii adui ni mmoja, nao ni unyevu. Kilichokauka vizuri hukaa na husafiri. Chenye maji huliwa leo na kesho. Ukiliweka hilo akilini utajua lipi ni zawadi na lipi ni la mezani, na utajua kwa nini nasisitiza mambo fulani hadi nionekane msumbufu.

Sokoni

Kisumu ninanunua Kibuye, hasa Jumapili wachuuzi wanapokuwa wengi na ninaweza kulinganisha. Aliye Nakuru ana Soko la Wakulima. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, kwa sababu njugu huchaguliwa kwa macho.

Chukua njugu chache kiganjani. Zinazofaa zimejaa, ngozi yake imenyooka, na ukizitikisa zinagongana kwa sauti kavu. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au manjano, na zile zenye harufu ya godoro lililolowa, ziache. Kuvu huyo hutoa aflatoksini, sumukuvu, ambayo hushambulia ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Njugu nazo hushikwa na kuvu huyohuyo zikivunwa na kuhifadhiwa zikiwa na maji. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo, wala kuosha, wala kuchanganya mbovu kidogo na nzuri nyingi. Kwa hiyo nikifika nyumbani nazimwaga kwenye ungo na kuzichambua moja moja kabla ya kuwasha jiko. Kilo moja huchukua muda, naam. Kaa na jirani mpige gumzo. Na wakati wa kula, njugu yoyote chungu itemwe, isimezwe kwa adabu.

Simsim ya sokoni huwa na mchanga mwembamba usioonekana, lakini jino litauona. Mimina simsim kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, subiri kidogo mchanga utue, kisha iteke simsim kutoka juu kwa chujio. Rudia hadi chini ya beseni pabaki safi. Itandaze juu ya kitambaa juani mpaka ikauke kabisa.

Unga wa muhogo ndio wenye mtego mkubwa. Magharibi mwa Kenya tumezoea kusaga muhogo pamoja na mtama au wimbi kwa ajili ya ugali, na unga huo huuzwa ukiitwa "wa muhogo". Muulize mama anayeuza: ni muhogo mtupu? Muhogo mtupu ni mweupe au wa rangi ya maziwa, usio na chembe nyekundu wala za kijivu. Hata ukiwa mtupu, mashine ya kusaga iliyotoka kusaga mahindi hubaki na mahindi tumboni. Kwa mtu anayepunguza nafaka tu hilo si neno. Kwa aliyekatazwa kabisa, nunua vipande vya muhogo vilivyokaushwa, vitwange nyumbani kwenye kinu na uchekeche kwa chekecheo laini. Aina chungu za muhogo zina kemikali zinazotoa sianidi, na ndiyo maana wazee wetu huumenya, huuloweka au kuuvundika, kisha huuanika. Usinunue unga kwa mtu asiyeweza kukueleza muhogo wake ulitayarishwaje, na usionje muhogo mbichi ili kujua kama ni mtamu.

Sukari nguru inapatikana tele kwa kuwa tuko kwenye ukanda wa miwa. Chagua bonge gumu na kavu, lisilonata vidole. Rangi ya kahawia si kasoro. Huwa na makapi ya miwa na vumbi, hivyo lazima iyeyushwe na kuchujwa, nitaeleza.

Kuhusu asali, yale majaribio ya kuidondosha majini au kuiwasha kwa kiberiti hayathibitishi lolote. Asali iliyoganda chembechembe haijachakachuliwa kwa sababu hiyo. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu italainika. Nunua kwa mfugaji nyuki unayemfahamu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu ya vijidudu vya botulinamu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvimudu.

Kukaanga njugu

Hapa ndipo ladha inapopatikana au kupotea. Watu wengi hukaanga kwa moto mkali, nje inaungua na ndani inabaki mbichi. Njugu mbichi ndani ina maji, na maji yatakuharibia siagi.

Tumia karai zito au sufuria ya chini nene. Weka vikombe viwili vya chumvi ya mawe au mchanga safi uliooshwa na kukaushwa, upashe moto kwanza, kisha tia njugu nusu kilo. Chumvi au mchanga hubeba joto na kulizungusha kila upande wa njugu. Makaa yawe machache. Koroga bila kuacha kwa mwiko, ukifika hadi pembeni. Baada ya dakika 15 hivi utasikia zikilia kidogo kidogo, na harufu itabadilika kutoka ya maharagwe hadi ile ya stendi ya matatu jioni. Toa moja, iache ipoe, ipasue katikati. Ndani iwe na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Zitoe zikiwa hazijafika pale unapotaka, kwa sababu zitaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Chekecha, zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa, zipukuse ngozi kwa viganja, upepete.

Mwenye oveni atumie nyuzi 160 kwa dakika 20 hadi 25, akizigeuza mara mbili au tatu.

Simsim huiva upesi mno. Karai kavu, moto mdogo, dakika nne au tano. Zikianza kurukaruka na kunukia, ziepue na kuzimimina kwenye chombo kingine hapohapo. Ukiziacha karaini zitaingia uchungu hata kama moto umezima.

Siagi ya njugu

Kwa njugu nusu kilo zilizokaangwa na kupepetwa unahitaji nusu kijiko cha chai cha chumvi, basi. Twanga kwenye kinu au saga kwa blenda yenye nguvu. Kwanza utapata unga, kisha bonge linalokwama, na hapo wengi huongeza mafuta au maji. Usiongeze. Zima blenda ipumzike, kwangua pembeni, endelea. Mafuta ya njugu zenyewe yatatoka na bonge litalegea. Usitie asali humu. Asali ina maji, huifanya siagi ikaze na kuwa kama udongo, na huifupishia maisha. Anayetaka utamu aongeze wakati wa kula.

Chupa za kioo chemsha kwa dakika 15, kisha zikauke kabisa, zikiwa zimeinamishwa juu ya kitambaa safi au kwa joto dogo la oveni. Tone moja la maji chini ya chupa latosha kuleta ukungu. Siagi hii hukaa mwezi mmoja mahali pakavu penye kivuli. Mafuta yakielea juu, koroga. Ni dalili kwamba hakuna kilichoongezwa.

Kuna mashine ndogo za kusaga njugu sokoni, na zinafanya kazi nzuri. Ombi langu ni uangalie kilichosagwa kabla yako, na uulize ilioshwa lini.

Vidonge vya simsim

Hiki ndicho kitafunio ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho zawadi bora kwa sababu ni kikavu. Tayarisha simsim iliyokaangwa gramu 300, yaani vikombe viwili vya kawaida, sukari nguru gramu 150, maji vijiko vitatu vya mezani, maji ya limau kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na tangawizi ya unga ukipenda.

Vunja sukari nguru, iyeyushe na yale maji kwa moto mdogo, kisha ichuje kwa kitambaa safi ili makapi yabaki. Irudishe kwenye sufuria nzito, ongeza limau, na uichemshe bila kukoroga sana. Sasa inahitajika subira na macho. Vitabu vya mapishi vya ng'ambo hutoa joto la shira kwa nyuzi, lakini vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, karibu mita 1,850, huchemka karibu nyuzi 94. Kwa hiyo kitabu kikisema nyuzi 135, ukiwa Kisumu toa nyuzi 4 na ukiwa Nakuru toa 6, la sivyo utaunguza. Mimi situmii kipimajoto. Naweka bakuli la maji baridi kando na kudondosha tone. Tone likiyeyuka, bado. Likiwa kidonge laini, bado. Likiwa gumu na ukilivuta linapinda kidogo kabla ya kukatika, tayari.

Epua, tia simsim yenye joto, chumvi na tangawizi, changanya haraka. Paka mikono mafuta na viringisha vidonge vya gramu 20 hivi ukiwa na kasi, kwa sababu mchanganyiko hukaza. Ukikaza, rudisha sufuria juu ya jiko kwa nusu dakika. Shira hii huunguza vibaya kuliko maji ya moto kwa kuwa hushika ngozi. Watoto wakae mbali na beseni la maji baridi liwe karibu. Anayeogopa kuviringisha aimwage kwenye trei iliyopakwa mafuta, aibane kwa chupa na kuikata ikiwa bado na joto.

Ukitumia asali badala ya nguru vidonge vitakuwa laini, vitamu sana, lakini asali huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya pembeni mwa ziwa ina unyevu wa kutosha. Siku ya pili vitanata. Vya asali viliwe nyumbani. Vya nguru visafiri. Kwenye kopo lisilopitisha hewa hukaa wiki mbili au tatu.

Biskuti za njugu bila unga

Siagi ya njugu gramu 250, sukari nguru iliyosagwa na kuchekechwa gramu 100, yai moja, chumvi kidogo ikiwa siagi haina. Changanya mpaka kinyunga kiachane na bakuli. Fanya madonge 20, yapange kwenye trei iliyopakwa mafuta, yabonyeze kwa uma. Oveni iwe nyuzi 175, dakika 12. Zikitoka zitaonekana laini na utafikiri hazijaiva. Usiziguse kwa dakika kumi, zinashikana zikipoa.

Asiye na oveni achukue sufuria kubwa, apange mawe matatu chini, aweke trei juu yake, na kifuniko kizito juu. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Watu hukosea hapa kwa kuweka moto mkali chini, biskuti zikaungua tumbo huku juu ni maji. Anza kuchungulia baada ya dakika 15.

Keki ya muhogo na ndizi

Hii ni ya mezani, si ya kutuma mbali. Ponda ndizi nne zilizoiva mpaka ngozi ikawa na madoa meusi. Piga mayai manne pamoja na theluthi ya kikombe cha mafuta, changanya na ndizi, tia maji ya limau vijiko viwili vya mezani. Chekecha unga wa muhogo gramu 200 na bekingi soda kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko, uingize taratibu. Uache mchanganyiko ukae dakika tano, kwa sababu muhogo hunywa maji polepole. Ukiwa mzito kupita kiasi ongeza maziwa kidogo.

Nimetaja soda na limau badala ya bekingi poda kwa makusudi. Bekingi poda nyingi hujazwa wanga wa mahindi, nyingine wa ngano. Sukari ya unga ya kupambia keki nayo mara nyingi ina wanga wa mahindi. Soma pakiti.

Oka kwa nyuzi 170 dakika 45 hadi 50, hadi kijiti kitoke kikavu. Nakuru, kwa sababu ya mwinuko, punguza soda hadi robo tatu ya kijiko, la sivyo keki itapanda kwa haraka na kuzama katikati. Ile ndani ya siku mbili.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, vikatwe vyembamba kama sarafu, vikaushwe kwa kitambaa na kukaangwa kwenye mafuta yenye moto wa wastani. Moto mkali huviunguza kwa sababu ya sukari yake.

Mafuta ya midomo na visigino

Zawadi si lazima iliwe. Nta ya nyuki ambayo wafugaji wengi huitupa hutoa mafuta mazuri ya kupaka. Masega yaliyokamuliwa yachemshe kwa maji mengi na moto mdogo, chuja kwa kitambaa, acha ipoe usiku kucha. Nta itaganda juu kama kifuniko. Itoe, kwangua uchafu wa chini, na uiache ikauke.

Pima nta gramu 25 na mafuta ya nazi au ya simsim gramu 100. Weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe usiweke moja kwa moja kwenye moto, kwa kuwa nta hushika moto. Nta huyeyuka karibu nyuzi 63. Ikishayeyuka yote, dondosha kidogo kwenye kijiko baridi uone ugumu wake. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu nyuzi 24, na mchana wa kawaida wa Kisumu hupita hapo, hivyo ukiyatumia ongeza nta hadi gramu 33. Kwa Nakuru gramu 25 zinatosha. Ukitaka harufu ya mchaichai, loweka majani yaliyokauka kabisa ndani ya mafuta kwa wiki mbili kisha uchuje. Majani mabichi yana maji na mafuta yatavunda.

Kufunga na kutuma

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kwa zawadi haina uzuri wowote. Karatasi ya kaki, kopo la bati lililooshwa, au kikapu cha mafunjo kilichosukwa na akina mama wa kando ya ziwa hupendeza zaidi. Majani ya mgomba yapitishe motoni yalainike na uyafute yakauke. Yafae kwa vitu vya kuliwa siku hiyohiyo tu. Acha kila kitu kipoe kabisa kabla ya kufunga, kwani mvuke uliofungiwa ndani huwa maji.

Andika kwenye kikaratasi vitu vilivyomo, tarehe ya kutengeneza, na siku ya mwisho ya kula. Ikiwa kuna njugu au simsim, iandike kwa herufi kubwa, maana wapo wanaodhurika nazo kwa mzio mkali, na njugu nzima zisipewe watoto walio chini ya miaka mitano, zinaweza kuwakaba. Mzigo unaopanda matatu kwenda Nakuru au Kakamega uwe wa vidonge vya simsim, biskuti na siagi. Mwombe kondakta asiuweke juu ya injini wala kwenye dirisha la jua, na umpigie mpokeaji simu aufungue siku hiyohiyo.